Kuwinda swala Wyoming kwenye ardhi ya umma: mwongozo kwa anayeanza

Kila mwaka Agosti ikikaribia maswali huwa yale yale. Leseni inapatikana wapi? Ninunue bunduki gani? Ni kweli mtu anaweza kuwinda kwenye ardhi ya serikali bila kumlipa mwenye shamba? Wengi wanaouliza wanaishi Denver, Salt Lake City au Boise. Wameona makundi ya swala pembeni mwa barabara ya I-80, na wametoka kwetu, ambako uwindaji wa halali umezoeleka kuwa mambo ya wenye pesa na watalii. Huku ni tofauti. Ardhi ya umma iko wazi kwa kila mtu, na leseni ya swala jike Wyoming, kwa bei za miaka ya karibuni, ni dola 34 hata kwa mtu wa jimbo jingine.

Ugumu uko kwenye ramani. Anayeanza hutumia miezi kuchagua bunduki na jioni moja kuangalia ramani. Afadhali ageuze.

Mnyama tunayemzungumzia ni pronghoni. Wamarekani humwita swala, ingawa ukoo wake ni mwingine kabisa: wenzake wote walishatoweka akabaki peke yake, na jamaa zake wa karibu walio hai ni twiga na okapi wa Ituri. Ana mbio za karibu kilomita 88 kwa saa, na macho makubwa yanayokuona ungali mbali sana. Dume ana doa jeusi shavuni na pembe zinazopita masikio. Jike pia anaweza kuwa na vipembe, lakini ni vifupi na shavu halina weusi. Shika tofauti hiyo, maana leseni yako huenda ikawa ya jike tu.

Kabla ya kuanza

Anza na karatasi.

- Cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji. Wyoming inakidai kwa kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1966 au baada ya hapo. Ukikipata Colorado, Utah au Idaho, Wyoming inakikubali.
- Haki ya kushika bunduki. Mkimbizi aliyekubaliwa kisheria na mwenye green card wanaruhusiwa, mradi hawana kizuizi kingine kama hukumu ya kosa kubwa au ya kumpiga mwenza nyumbani. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, anakatazwa na sheria ya shirikisho isipokuwa kwa vighairi vichache, na kimojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kama uko kundi hili, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla hujaigusa bunduki, hata ya kuazima. Kosa la bunduki linaweza kukufukuzisha nchini.
- Akaunti kwenye tovuti ya idara ya wanyamapori ya jimbo, Wyoming Game and Fish.

Halafu vifaa. Bunduki ya risasi za ukubwa wa .243, 6.5 Creedmoor, .270 au .308 inatosha, kama unayo mojawapo, usinunue nyingine. Darubini ya macho mawili ya 10x42 (inakuza mara 10), kipima umbali, na miguu ya kuegemeza bunduki. Vazi la juu la rangi ya chungwa inayong'aa (sheria inakubali pia waridi inayong'aa): kofia au kizibao. Pedi za magoti na glavu za ngozi, na usizidharau, ardhi ile ina dungusi wenye miiba. Visu viwili vikali au kisu na kinoo, mifuko ya kitambaa ya kuwekea nyama, begi la mgongoni lenye fremu, na masanduku mawili makubwa yaliyojaa barafu. Kwa gari: tairi la akiba lenye upepo, jeki, koleo, mafuta ya ziada na maji lita 20. Simu haishiki sehemu nyingi, kwa hiyo kifaa cha ujumbe wa setilaiti ni pesa iliyotumika vizuri.

Hatua ya 1: Chagua eneo kwa kuangalia ardhi

Jimbo limegawanywa katika maeneo ya uwindaji yenye namba. Leseni yako hutaja namba ya eneo na aina yake. Aina ya 1 kwa kawaida ni swala yeyote, ya 6 na 7 ni jike au mtoto. Ukivuka mpaka wa eneo lako hata kwa mita mia, leseni hiyo si kitu.

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Wanaona kwamba maeneo ya kaskazini-mashariki, upande wa Gillette, leseni zake hupatikana kirahisi, wanaziomba, wanazipata, wanafurahi. Wakifika Oktoba wanakuta karibu kila bonde ni la mfugaji, na vipande vya ardhi ya umma vimezingirwa pande zote. Leseni ni rahisi kwa sababu kuingia ni kugumu. Idara yenyewe huweka alama kwenye maeneo yenye shida ya kufikia ardhi ya umma. Soma alama hizo, hazikuwekwa kwa urembo.

Kusini-magharibi, kwenye jangwa la Red Desert kati ya Rawlins na Rock Springs, mambo ni kinyume. Ardhi ya BLM, shirika la shirikisho linalosimamia ardhi za umma, imetanda huko. Katika Wyoming nzima BLM ina takriban ekari milioni 18. Lakini leseni za huko zinagombewa, na baridi kali ya 2022 kuingia 2023 iliua swala wengi magharibi mwa jimbo hata idadi ya leseni ikapunguzwa. Kwa anayeanza nashauri eneo la katikati, lenye ardhi ya umma ya kutosha na leseni za jike. Fungua ramani ya eneo na takwimu za maombi ya mwaka uliopita pamoja, uziweke ubavu kwa ubavu.

Hatua ya 2: Omba leseni kwa wakati

Wasio wakazi wa Wyoming huanza kuomba Januari, na mwisho ni siku za mwanzo za Juni. Majibu hutoka mwezi huo huo wa Juni. Hakikisha tarehe kamili kila mwaka, maana mwisho ukiangukia Jumapili husogezwa.

Leseni ya kawaida ya swala kwa asiye mkazi imekuwa dola 326 na ada ya maombi dola 15. Kuna ya bei maalumu, dola 1,200, kwa wanaotaka kuongeza nafasi yao kwenye droo, achana nayo. Robo tatu ya leseni za kawaida huenda kwa wenye pointi nyingi zaidi (hununuliwa mwaka hadi mwaka ili kupanda kwenye foleni ya droo), robo inayobaki ni bahati nasibu kwa wote. Leseni ya jike ni ombi la pembeni, kwa hiyo unaweza kuomba zote mbili. Mwaka wa kwanza omba jike bila aibu. Nyama ni ile ile na pembe hazipikwi.

Na anayehamia Wyoming asijidai mkazi wiki ya pili. Kwa leseni ya uwindaji wanataka mwaka mzima wa kuishi kule, na wanaodanganya hushtakiwa.

Hatua ya 3: Jifunze ramani mpaka uiote

Kwenye ramani za BLM, njano ni ardhi ya BLM, kijani ni misitu ya taifa, buluu ni ardhi ya jimbo, nyeupe ni ya mtu binafsi. Programu ya simu kama onX huonyesha mipaka hiyo na mahali uliposimama. Pakua ramani ya eneo lako lote ukiwa nyumbani.

Ukikaribia reli ya Union Pacific utaona rangi zimepangwa kama bao la drafti: mraba wa umma, mraba wa mtu, mraba wa umma. Chanzo chake ni sheria ya reli ya 1862. Serikali iliipa kampuni ya reli mraba mmoja mmoja kwa kuruka, kila mmoja maili moja kwa maili moja, yaani ekari 640, kwenye ukanda mpana kandokando ya njia. Mpaka leo mraba wa umma unaweza kugusana na mwenzake kwenye pembe tu. Mwezi Machi 2025 mahakama ya rufaa ya shirikisho, ile ya mzunguko wa 10, iliamua kwamba kuvuka pembe kwa mguu bila kukanyaga wala kuharibu ardhi ya mtu si kosa. Uamuzi huo unagusa majimbo ya mahakama hiyo, Wyoming, Colorado na Utah yakiwemo, lakini Idaho na Montana hayamo. Anayeanza asianzie kwenye pembe. Simu inaweza kukosea mita kadhaa, na mita kadhaa zinatosha kukufikisha mahakamani.

Mambo mengine ya ramani yanayowakamata watu:

- Wyoming haimlazimishi mwenye ardhi kuweka kibao wala rangi kwenye nguzo. Kutokuona kibao si ruhusa. Kujua ni jukumu lako.
- Uzio haulingani na mpaka. Kuna uzio katikati ya ardhi ya umma, na kuna mpaka usio na uzio wowote.
- Barabara ya vumbi inayoonekana kwenye ramani huenda si ya umma. Ikipita kwenye ardhi nyeupe, hakikisha ni ya kaunti au ya BLM. Wengi hawaingii kosani wakiwinda, huingia wakiendesha gari.
- Ardhi ya jimbo unaweza kuwinda kama ina njia halali ya kuifikia, lakini kulala wala kuwasha moto hapo hakuruhusiwi.
- Yapo mashamba binafsi ambayo idara imekubaliana na wenyewe yawe wazi kwa wawindaji wa miguu, yanaitwa Walk-In Areas. Kila moja lina tarehe na masharti yake.
- Asiye mkazi haruhusiwi kuwinda wanyama wakubwa bila kiongozi kwenye maeneo ya shirikisho yaliyotengwa rasmi kama wilderness. Swala ni mnyama wa nyanda, kwa hiyo halitakusumbua sana, lakini lijue.

Ukimaliza, weka alama sehemu tano za kuanzia, zote kwenye ardhi ya umma unayoweza kuifikia kwa barabara ya umma. Tano, kwa sababu mbili za kwanza utakuta magari ya wenzako.

Hatua ya 4: Piga shabaha katika upepo

Sawazisha darubini ya bunduki kwa mita 200, kisha ondoka kwenye meza ya uwanja wa shabaha. Piga ukiwa umelala, umekaa, umeegemea begi. Sehemu ya kufisha ya swala, moyo na mapafu, ina upana wa kama sentimita 20. Kwa bunduki hizi za kawaida, upepo wa kilomita 16 kwa saa ukikata kutoka ubavuni husukuma risasi karibu sentimita 15 kwenye mita 275. Ukilenga katikati bila kuuhesabu, umekosa au, vibaya zaidi, umejeruhi. Na upepo huo kwa Wyoming ni siku tulivu.

Tafuta umbali ambao huwezi kukosa sahani ya chai, ukiwa umelala, mapigo ya moyo yakiwa juu. Huo ndio mpaka wako. Kwa wengi ni mita 200. Swala wa mita 500 waache waende.

Hatua ya 5: Fika siku moja mapema

BLM inaruhusu kulala porini bure hadi siku 14 mahali pamoja, penye barabara halali. Nyanda hizi ziko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kunywa maji mengi, kichwa kikiuma pumzika. Jioni tazama mawingu. Udongo wa huko ukinyeshewa hunata hata gari la magurudumu manne hukwama, na hakuna wa kukuvuta. Mvua ikitishia, hamia karibu na barabara ya changarawe usiku huo huo.

Hatua ya 6: Tazama kabla ya kutembea

Swala hatembei usiku tu kama wanyama wengine wanaowindwa. Mchana kutwa utamwona akila au amelala mahali peupe. Huna haja ya kukurupuka saa kumi alfajiri. Simamisha gari nyuma ya kilima, panda kwa miguu, lala chini kabla ya kufika kileleni, toa kichwa polepole. Kaa na darubini nusu saa au zaidi. Ukiona kundi, usiondoke mara moja. Tazama linaelekea wapi, kiongozi ni yupi, nani amebaki nyuma.

Kosa la kila mwaka: kuendesha gari ukizunguka, kuona swala, kushuka na kufyatua. Kupiga risasi kutoka barabara ya umma, au kukatisha barabara hiyo, ni kosa la jinai. Zaidi ya hayo, swala wa kando ya barabara wameshaijua michezo hiyo.

Hatua ya 7: Nyatia

Amini kwamba ukimwona, naye anaweza kukuona. Tumia makorongo. Ni afadhali uzunguke kilomita tatu ndani ya korongo kuliko kukatiza mita mia tatu za uwanda mtupu. Usijitokeze kwenye ukingo wa kilima mbingu ikiwa nyuma yako. Upepo uwe usoni mwako, ingawa kwa mnyama huyu jicho hukusaliti kabla ya harufu.

Mita za mwisho ni za kutambaa, na hapo utazikumbuka zile pedi za magoti. Tazama unapoweka mkono. Septemba nyoka wa njuga bado wako nje. Vichaka vya sagebrush hufika magotini tu, kwa hiyo tumbo liwe chini kweli. Swala akiinua kichwa, ganda. Mara nyingi hushindwa kuamua wewe ni nini na hurudi kula. Wakati mwingine udadisi humsogeza hatua chache kwako.

Wakikimbia, usiwafukuze. Keti, waangalie wanaishia wapi. Mara nyingi husimama baada ya kilomita moja au mbili na unaanza upya.

Hatua ya 8: Risasi moja

Pima umbali kwa kifaa. Uwanda hauna mti wala nyumba ya kulinganishia na mnyama mwenyewe ni mdogo, kwa hiyo jicho lako litadanganya. Subiri asimame ubavu. Lenga nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua. Hakikisha nyuma yake kuna udongo, si upeo wa macho.

Kisha hakikisha hakuna swala mwingine nyuma yake. Wanapenda kusongamana, na risasi ikipita inaangusha wawili. Leseni yako ni ya mmoja. Acha watawanyike, hata kama mkono unawasha.

Waislamu huuliza kuhusu uhalali. Taja jina la Mwenyezi Mungu unapofyatua. Ukimkuta bado yu hai, mchinje upesi. Akiwa ameshakufa kwa risasi iliyopenya, wanavyuoni wengi wa zama hizi wanamhesabu kuwa windo halali. Muulize shehe wako kabla ya safari, kule nyikani hakuna wa kumuuliza.

Hatua ya 9: Kibandiko, kisha kisu

Kabla ya kuondoka mahali alipoangukia, kata kuponi ya leseni, ndiyo kibandiko chako, onyesha siku na mwezi, weka sahihi, ifunge kwenye mnyama. Wenye furaha husahau, na bwana nyama hachukui furaha kama kisingizio. Leseni ikiwa ya jike, fuata kanuni za mwaka huo za kuacha ushahidi wa jinsia pamoja na nyama.

Sasa fanya haraka. Nywele za swala zina uwazi ndani na hutunza joto, na mchana wa Oktoba unaweza kuwa wa jua kali. Chuna papo hapo. Pitisha kisu chini ya ngozi ukikata kutoka ndani kwenda nje ili usikate nywele. Zikikatika hutapakaa, na nyama hushika harufu. Mkono ulioshika nywele usishike nyama. Toa miguu minne, sarara mbili ndefu za mgongoni na zile ndogo za ndani, nyama ya shingo na ya mbavu. Kuacha nyama inayolika ni kosa kisheria. Weka kwenye mifuko ya kitambaa, kivulini, hewa ipite. Mifuko ya plastiki huichemsha.

Swala mmoja bila mifupa ni kilo 15 hadi 20 hivi. Mtu mmoja hubeba, wawili hubeba wakipiga soga. Usiingize gari nje ya barabara kumfuata.

Kwenye masanduku, barafu chini na juu, tundu la maji liwe wazi, nyama isiogelee. Wanaosema swala wa Wyoming ananuka vichaka, wengi wao walimzungusha mjini mchana kutwa kwenye pickup na ngozi yake. Aliyepozwa ndani ya saa moja ni mtamu kwa mishkaki, na shingo yake kwenye pilau haina mfano.

Kugawia ndugu ruksa. Kuuza hata kilo moja ni kosa, na ukivusha mpaka wa jimbo ili uuze, sheria ya shirikisho ya Lacey ya 1900 inaingia.

Mambo yakienda kombo

*Sioni swala yeyote.* Hama. Kama kundi haliko pale, haliko, usisubiri litokee. Kilomita 15 kando panaweza kujaa.

*Nawaona, lakini wote wako kwenye ardhi nyeupe.* Hutokea baada ya wikendi ya kwanza, wakishapigwa risasi. Rudi katikati ya wiki, au bisha hodi kwa mfugaji kwa heshima mchana. Kwa leseni ya jike baadhi hukubali, maana swala hula majani ya ng'ombe wao.

*Wanakimbia kila nikifika mita 400.* Unaonekana. Ondoka mahali hapo, zunguka mbali zaidi, rudi kwa korongo jingine.

*Nimempiga akakimbia.* Usihame ulipo. Weka alama aliposimama na mahali ulipomwona mwisho, jaza risasi nyingine, mtazame kwa darubini. Akilala, mpe muda kisha msogelee ukiwa tayari. Akivuka kwenda ardhi ya mtu, huna haki ya kumfuata. Mtafute mwenye ardhi, ukimkosa mpigie bwana nyama.

*Nimekosa kabisa.* Nenda ulikolenga, hakikisha hakuna damu wala nywele. Kisha piga shabaha kwenye boksi mahali salama. Darubini ya bunduki iliyoanguka garini hupotoka bila kukuaga.

*Bwana nyama amenisimamisha.* Mwambie mara moja bunduki iko wapi, mikono ionekane, mpe leseni, stempu ya uhifadhi (stempu ya idara ambayo mwindaji hutakiwa kuwa nayo) na cheti. Anakagua kila mtu.

*Mvua imenikuta ndani.* Zima gari, subiri. Usiku udongo ukiganda, utatoka alfajiri kabla jua halijaulainisha tena.

*Sikupata leseni kwenye droo.* Zilizobaki huuzwa kuanzia Julai, anayewahi ndiye anayepata. Angalia ramani kabla ya kulipa, maana nyingi hubaki kwa sababu ile ya hatua ya 1. Pointi ya mwaka ujao hununuliwa kati ya Julai na mwisho wa Oktoba.